Mdhamini wa Tangi

Nimezima swichi, nimefunga koki,
nimeyaacha maji yamwagike mpaka yakapoa
kwenye mfereji wa nyuma ya wodi ya wazazi, Mikindani.
Maji ya kisima chetu yana chumvi.
Sabuni haitoi povu mpaka uibembeleze,
na chuma yanakitafuna kimyakimya,
kama mchwa ndani ya boriti.

Nati ilikataa. Nikaipaka mafuta ya taa,
nikamwita Chitanda aukalie mkono wa spana.
Ikalia mara moja, ikaachia.

Nikauchomoa ufito wa magnesiamu.
Miaka mitatu iliyopita niliutia humu
mnene kama kidole gumba.
Leo umetoka waya,
waya mwembamba wenye magamba meupe
yanayopukutika kama makopa yaliyosahauliwa darini.
"Dada Somoe, huu si umekufa?"
Umekufa. Ndiyo kazi niliyouajiria.

Nikamulika tochi ndani.
Utando wa kioo una ufa karibu na mshono,
ufa wa unywele,
na chuma kinachochungulia hapo
bado kina weusi wake wa kiwandani.

Mhasibu Nampota alikataa kusaini.
"Fundi, ninunue kitu ili kioze?"
Nikamwekea waya mezani, juu ya daftari la hesabu.
Nikamwambia: msimu wa korosho uliopita
ulimdhamini shemeji yako, hakulipa,
wakaja kuchukua pikipiki yako.
Huyu naye ni mdhamini.
Kutu haina Ijumaa wala Jumapili,
inadai kila saa,
na tangi halina cha kulipa ila mwili wake.
Ufito unalilipia, gamba kwa gamba.
Ukiisha, mdai anageukia chuma.

Akaugusa. Unga mweupe ukabaki kidoleni.
Akauliza bei, akapunguza elfu mbili kwa mazoea,
akasaini.

Sasa mpya umeingia. Tepu kwenye uzi wa nati,
spana, maji, swichi.
Juu ya tangi nimeandika tarehe kwa wino mzito,
na chini yake, kwa ajili yangu mwenyewe:
*Fungua mwakani. Usingoje mitatu tena.*

Alfajiri mkunga Mwanaidi alifungua bomba,
akapima joto kwa kiwiko,
akamwosha mtoto ambaye bado hana jina.
Maji yalitoka maangavu. Hakuuliza.

Waya wa zamani nimeutundika karakana,
msumari mmoja na wenzake wanne.
Chitanda anautaka afungie banda la kuku.
Nimemkatalia,
na sikumpa sababu.