Bei ya Herufi

Jumatatu walikuja watu wa Taa.
Wakakaa juu ya vifusi vyangu hapa Mabatini
bila kupangusa vumbi, maana walikuwa na haraka.
Jiwe moja, wakasema, majina sita,
na juu yake taa, itazame barabarani.
Nikawaambia: herufi moja shilingi elfu mbili,
nafasi kati ya majina sitozi.

Jumatano wakaja watu wa Kasia.
Jiwe moja, majina sita,
kasia juu yake,
na lisitazamane na lile.

Mtumbwi ulikuwa mmoja,
injini ya kuazima,
ukirudi kisiwani kwenye mikutano miwili
ya siku moja, uwanja mmoja,
huu wa asubuhi na ule wa alasiri,
viti vilevile, spika zilezile,
wamebadilisha kitambaa cha meza tu.

Walipoopolewa
walipangwa mchangani kwa rangi za fulana
kama soko la Kirumba alfajiri:
sato huku, sangara kule.

Usiku nimeweka karatasi zote mbili chini ya kibatari.
Sita na sita, kumi na mbili.
Makaburi kule Igombe ni kumi na mawili.
Hesabu ingekubali,
ila jina moja limeandikwa mara mbili.

Nyamizi Lugata.
Alivaa khanga ya Taa na kofia ya Kasia;
vyote viligawiwa bure, na jua lilikuwa kali.
Hakwenda kupiga makofi, alikwenda kuuza uji.
Mimi mwenyewe alinidai vikombe vitatu.
"Mwadila, mtu wa mawe," angesema akipita,
"utanilipa jiwe likiiva."

Basi kuna kaburi moja halina jina.
Ni la yule kijana wa kuchota maji,
aliyekaa sakafuni mwa mtumbwi na kopo la rangi
lililokatwa mdomo,
akichota, akimwaga, akichota,
huku wakubwa wakibishana juu ya kichwa chake.
Labda wa Goziba, labda wa Ukara, labda wa ng'ambo.
Walimkuta kifua wazi, hana fulana,
hivyo hakuwa wa mtu.

Padri Revokatus na Shehe Mwinyipembe
walimzika pamoja siku ya mvua,
mmoja kichwani, mmoja miguuni,
mwavuli mmoja, nao haukutosha.

Niliwauliza Taa. Wakasema: huyo si wetu.
Niliwauliza Kasia. Wakasema: jiwe limejaa,
na tena, fundi,
si ndiye aliyechoka kuchota?

Nikachonga nilichoagizwa. Nani mimi.
Nyamizi upande huu, Nyamizi upande ule,
herufi kumi na tatu, na tena kumi na tatu,
zote zimelipwa taslimu.
Lakini kumi na tatu za pili zilinikaa kooni.
Mtu hafi mara mbili, nami nimekula mara mbili.

Nikashuka mwaloni na patasi
hadi kwenye jabali wanapoanikia dagaa,
nikachonga kumi:
MCHOTA MAJI.
Mama mmoja akasogeza dagaa wake kidogo,
akaendelea kuanika.

Zikabaki tatu.
Nilikaa nazo Jumapili nzima.

Siku ya kumbukumbu zilikuja spika mbili,
mashada mawili, wagombea wawili na miwani yao.
Mawe yamepeana mgongo kama wake wenza,
katikati pamebaki uchochoro
anaopita mbuzi tu.

Mwaka huu ziwa limepanda.
Jabali la dagaa limezama nusu;
wimbi linazijaza herufi za kijana,
linazimwaga,
linazijaza.

Jana katibu wa Taa amenipigia simu, amekasirika.
Mbuzi wake alikwama kule uchochoroni,
akaingia kumvuta,
akakuta nyuma ya jiwe pameandikwa UJI.
Nani kaagiza? Nani atalipa?

Nikamwambia, hiyo, mheshimiwa,
sikutoza.