Wiki ya Buluu

Wiki hii nakohoa buluu.
Oda ni ya hospitali, mablanketi elfu nne,
na manyoya ya uzi hayabishi hodi:
yamo puani, yamo kwenye chai, kwenye pindo la leso.
Wiki iliyopita nilikohoa nyekundu,
mama mkwe akalia, akidhani ni damu.
"Ni oda ya Narok, mama," nikamwambia.
Hakucheka.

Mimi ndiye mchora maua wa kiwanda.
Bosibori hufuma, Jerotich hukata, mimi huchora
kitakachomfunika mtu asiyenijua.
Zamani tulikuwa na dirisha. Hapo niliiba
mgongo wa Menengai baada ya mvua,
nyaya za stima zilizojaa mbayuwayu,
kanga wa madoa aliyemtoroka mwenyewe.
Watu walijifunika wizi wangu hadi Londiani.

Kisha Bwana Kibathi akaleta mabati.
Alisema macho yetu yanatoroka na saa za kampuni.
Misumari kumi na sita. Niliihesabu ikiingia.
Tangu siku hiyo nachora mistari.
Mstari. Mstari. Mstari mpana kidogo.
Usiku kifua kinapiga mluzi,
mume wangu hulala akinihesabia pumzi.
"Maua yako wapi?" Bwana Kibathi akauliza.
Nikakohoa. Lilikuwa jibu, hakulisikia.

Jumanne moja ya Februari stima zikapotea.
Saa tatu nzima tulikaa langoni, juani,
tukibambua njugu, Bosibori akisimulia
alivyomfukuza mbuzi wa jirani kwa sufuria
hadi Kaptembwo, sufuria ikiwa na mchuzi,
tukacheka, kicheko kikawa kikohozi,
kikohozi kikarudi kuwa kicheko.
Maganda yalitapakaa miguuni pangu.
Nikayatazama.
Nikaokota kipande cha makaa,
nikachora juu ya pakiti ya unga:
maganda, mawili mawili,
kila moja na chumba chake cha kupumulia.

Hilo ndilo linalouzwa kuliko yote sasa.

Leo Bwana Kibathi ameniita ofisini.
Ofisi yake ina madirisha mawili, na pazia la kuyapumzisha.
Anataka mengine sita kufikia Ijumaa.
"Sema tu unachohitaji," ananiambia,
"kalamu? Karatasi nzuri? Taa kali zaidi?"
Nikajibu polepole, kifua kisinikatize:
nyundo, bosi.
Ile yenye kucha upande wa nyuma.