Dari la Ambakisye

Mvua ya Uyole imegoma kukatika tangu Krismasi,
basi Ambakisye akauhamishia uwanja wa gofu sebuleni:
turubai jeupe, projekta, kapeti la nyasi.

Mpira wa kwanza ulitii.
Wa pili ukapanda,
ukatoboa jipsamu,
unga ukanimwagikia kichwani
kama sembe.

Kesho yake karudi kutoka Mwanjelwa
na chandarua, misumari ya inchi tatu,
magodoro mawili, mitumba, anasema.
Akapigilia juu,
misumari mingine kaiuma menoni,
hanitazami.

Sasa mpira ukipotea njia
godoro huguna tu,
unashuka taratibu kama mgeni aliyekosa mwenyeji.

Yeye akilala,
najilaza chali kwenye nyasi zake,
nahesabu maua ya godoro letu la harusi,
lile aliloapa liliishia kwa panya, stoo.