Nyuzi

Fundi Mbonea wa Gerezani husuka upya mota zilizoungua.
Nilimpelekea fremu ya aluminiamu, duara, kipenyo futi moja,
nikamwambia: nitandie humu nyuzi za shaba mia sita,
sambamba, kati ya uzi na uzi nusu milimita,
wala usikisie hata mmoja.

Akaigeuza, akaichungulia.
"Hili pangaboi gani lisilo na panga?"

Nilikuwa na miwani nyeusi, jozi mbili za Mtaa wa Kongo,
zisizo za kudanganya, nilizijaribu kwanza.
Nikashika moja mbele ya nyingine, jua likapita.
Nikaigeuza ya mbele polepole
hadi nyuzi tisini.
Giza.
"Umelizima," akasema.
Sijalizima. Nuru hutikisika kwa upande wake,
nami nimeiuliza kwa upande isiokuwapo.

Basi ipo nuru, nikamwambia, kongwe kuliko nyota ya kwanza,
iliyosafiri hata ikapoa,
ikabakiwa na nyuzi mbili na robo tatu, hazijatimia,
juu ya baridi isiyo na baridi nyingine chini yake.
Inatumwagikia hapa hapa, juu ya mabati na majenereta,
na imeinama upande, kidogo.
"Kidogo kama nini?"
Kata nyuzi moja ya joto vipande milioni,
uniachie vitatu vinne.
Na ndani ya hivyo, kama upo,
mchoro uliojiviringa mithili ya nywele za utosini mwa kichanga:
huo ndio tunaouwinda.
"Malipo yangu," akasema, "usiyakate hivyo."

Mlimani, mwezi wa kwanza, maabara ilitoka jasho kuliko sisi.
Mvuke wa Dar nao hung'aa kwa mawimbi yale yale,
ndiyo maana chombo kitapelekwa jangwani, mlima mkavu;
sisi hapa tunakifundisha tu kutosema uongo.
Baridi tuliazima kwa watu wa uhimilishaji wa ng'ombe:
mtungi wa naitrojeni, unafuka kama chetezo.
Sahani ya yakuti ikazunguka.
Kila mzunguko mmoja, nuru iliyoinama hupiga mara nne;
kisichopiga nne ni chetu wenyewe,
ni joto la chombo, ni umeme wa kurukaruka.

Usiku wa tatu kompyuta ikachora: mviringo.
Niliruka. Nilimwita Dakta Nyamizi saa sita za usiku.
Alikuja na kanga mabegani, hakuketi.
"Anga tuliyokilisha hiki chombo ni ya kuigiza,
na haikuwa na mviringo. Umeuleta wewe.
Fremu imelala nusu nyuzi."

Nusu nyuzi. Upana wa mwezi ukiwa angani,
na ungetosha kutangaza habari ya mwanzo wa ulimwengu
ambayo haikutokea.

Saa nane mchana nilikuwa Gerezani, nimejaa maneno.
Mbonea hakuyangoja. Alifunga nati kwenye uzi wa cherehani,
akauning'iniza mlangoni, timazi,
akaisimamisha fremu nyuma yake.
Nyuzi zake mia sita zikafuatana na uzi ule,
hakuna hata mmoja uliokengeuka.
Kilichopinda kilikuwa neno JUU
na mshale wake,
nilioukwaruza mwenyewe, haraka, siku ya kwanza.

Akanipa msumari.

Sasa fremu imeondoka kwenye sanduku la mbao.
Katika taarifa nimeandika: shaba, unene, nafasi, pembe.
Sikuandika kwamba kumi na saba za mwisho, nyekundu kidogo,
zimetoka kwenye pangaboi la saluni moja ya Tandika
ambalo mwenyewe bado analidai.