Upande wa Gundi

Kila Desemba huniletea kibao kimoja cha shaba,
chembamba, urefu wa kidole cha kati,
hapa kibandani Bondeni, nyuma ya duka la betri,
na karatasi iliyokunjwa mara nne
kana kwamba jina ni dawa ya kupimiwa.

MCHEZAJI BORA WA MWAKA WA KWANZA.
Hayo nayachonga huku napiga soga.
Jina ndilo hunifunga mdomo.
Shaba haina kifutio.

Kitako cha mvule kina vibao saba tayari.
Wasichana hao nawajua kwa kucha zangu, si kwa sura.
Nafuna, wa pili: goti lilimsaliti kule Eldoret,
sasa anauza vioo vya pikipiki
na hupima kila kioo kwa kujitazama kidogo.
Akeyo yuko ng'ambo.
Wanjugu alicheza mwaka ule mmoja tu, akatosheka,
na hadi leo watu wanamuuliza kwa nini,
kama vile kutosheka ni ugonjwa.

Hii tuzo haipatikani mara mbili.
Unaweza kuzeeka ukiwa bingwa,
huwezi kuzeeka ukiwa mgeni.
Siku mbili, wahenga walisema, ya tatu mpe jembe;
kwenye ligi jembe hukabidhiwa mlangoni,
na siku watakayokupigia makofi kwa ugeni wako
ndiyo siku ugeni umekwisha.

Jumatatu akaja mwenyewe.
Aliinama kuingia kama mtu anayefuata yai bandani.
"Sipaswi kujua," alisema,
"lakini katibu wa ligi hana kifuniko.
Nimekuja kuona ile Y."
Nekoye, kwa Y. Hundi yake ya kwanza
iliandikwa Nekoe Wabuke,
benki ikamrudisha mara tatu,
mshahara wa kwanza wa maisha yake
ukalala njaa wiki nzima pamoja naye.

Nikamwonyesha. Y ilikuwepo,
mkia wake mrefu kidogo kuliko ilivyopasa.
Akaipitishia kidole.
Kisha akakigeuza kibao.

"Na huku?"
"Huku ni upande wa gundi."
"Basi andika huku.
Kisumu. Kumi na nne. Tatu."

Nilingoja maelezo nikiwa nimeshika kalamu ya chuma.
Mechi yake ya kwanza, Februari,
joto la ziwa limefanya mpira uwe sahani yenye sabuni.
Mitupo huru kumi na minne.
Iliyoingia, mitatu.
Wenyeji walianza kuhesabu kwa sauti, kwa furaha,
na muuza njugu mmoja, mwenyeji vilevile,
akajifunika macho kwa niaba yake.
Usiku hotelini alirusha soksi kwenye ndoo
hadi mwenzake wa chumba akaomba kuhamishwa.

Halafu Shabab, kile kiwanja chenye rimu bila wavu,
mitupo mia tatu kabla ya chai,
vumbi la Menengai limetangulia jua.
Hilo hakulisimulia yeye.
Mimi hufungua mapema; nilikuwa nikimsikia:
kishindo cha ubao, kimya,
kishindo, kimya,
na miezi ilivyosonga, kimya kikawa kingi.

"Kwa nini usiandike pointi za fainali?" nikamuuliza.
"Thelathini na moja zile."

"Zile zina mashahidi."

Nikachonga. Shaba ilijikunja mbele ya ncha
kama unywele wa mtoto anayenyolewa mara ya kwanza.
KISUMU 14 3.
Kesho gundi, keshokutwa ukumbi,
hotuba za watu wasiojua kudaka,
na upande wa giza mvule utakuwa unasoma.

Nilitaka kumwachia hiyo ya nyuma. Akakataa.
"Herufi ni herufi, fundi."
Herufi sita, tarakimu tatu, thelathini kila moja.
Akanihesabia mia mbili sabini,
noti ya mwisho ikiwa imeungwa katikati
kwa plasta ya goti.