Pale Palipobandikwa Karatasi

Mwezi Septemba nilibandika karatasi ukutani,
hatua nne kwa wino wa kijani:
simama, rudi, chora kichwani, jiulize.
Darasa la pili wakaziimba kama jedwali la mbili,
mvua ya Wales ikipiga paa la mawe
yaliyochongwa kutoka mlima ule ule
uliotoa vibao vya kuandikia vya babu zao.

"Tegid, ukikwama hufanyaje?"
"Narudi nyuma, Mwalimu, nasoma tena."
Jibu halina doa.
Kisha akafungua kitabu
akayapita maneno magumu mbio, kichwa chini,
kama mtu apitaye mbele ya duka la anayemdai.

Basi nikajua: ufunguo kaupata,
kauvaa shingoni,
mlango hajaugusa.

Nikaacha kufundisha hatua. Nikasoma tu,
kwa sauti, mbele yao, nikijikwaa makusudi.
Siku moja nikajikwaa kweli,
sentensi ndefu ya habari za reli.
Nikanyamaza. Nikarudi. Uso ukanipata moto.
Gwenllian akanong'ona, "Kumbe na yeye."
Somo hilo sikuwa nimeliandalia.

Novemba unyevu ukaibandua karatasi,
ikadondoka nyuma ya hita, ikakaukia huko.
Sikuirudisha.

Jumanne. Tegid na kitabu cha fisi maji.
"Mbwa akabweka. Fisi maji hakukimbia."
Akasimama.
Macho yakaenda ukutani, yakakuta
mstatili mweupe kuliko ukuta wote.
Nikauma ulimi. Saa ikatembea.
Mtoto bado anautazama weupe ule,
midomo inacheza.
Kisha kidole kikarudi, chenyewe,
mstari mmoja, miwili,
hadi kwenye shimo la ukingoni
na vilio vyembamba ndani yake.

"Ana watoto," akasema. Si kwangu;
alikuwa akimwambia fisi maji
kwamba amemwelewa.

Ukurasa uliofuata akaruka neno "Alhamisi"
bila hata kupepesa.

Jioni Bwana Goronwy, mwenye funguo na ndoo za shule,
akauliza kama apake rangi pale palipobaki alama.
Nikamwambia aache kwanza.
Kuna wanaopasoma.