Kituo cha Mwisho

Miaka thelathini na moja niliendesha tramu
katika jiji la Łódź, njia ile ile,
mkono wa kushoto kwenye wenzo wa mwendo,
mguu wa kulia juu ya kengele.
Sikuwahi kukata kona kwa hiari yangu.
Kona ilikuwepo; mimi nilipita.

Sasa nimestaafu, na usiku
naketi mbele ya kompyuta ya mitumba
inayopumua kama paka mwenye pumu,
najifunza kurusha ndege isiyokuwepo.
Ilikuja pamoja na programu:
injini moja, viti vinne,
hakuna wa kudandia bila tiketi.
Nilidhani nimemaliza.
Kumbe nimefungua mlango wa duka.

Duka halina kuta.
Mawingu yanauzwa. Nasema kweli, mawingu,
ya radi, ya alfajiri, ya manyunyu yasiyolowesha mtu,
zloti mia na ishirini.
Umande wa kioo cha mbele unauzwa kivyake.
Lipo dege la abiria mia tatu,
swichi zake zote zinabonyezeka,
hata ya taa ya chooni,
na bei yake inameza dawa zangu za presha hadi Pasaka.
Nililitazama muda mrefu,
kama nilivyolitazama koti la ngozi dirishani
kila taa nyekundu iliponisimamisha,
majira mawili ya baridi, mpaka likanunuliwa.

Nyuma ya bili ya gesi nilikuwa nimeandika kwa penseli:
themanini.
Chini yake mstari.
Chini ya mstari, tena: themanini.

Gniewko wa ghorofa ya tatu, miaka kumi na miwili,
akapanda na soksi tupu, akaisoma orodha yangu.
"Bwana Bogumił, dege hili utaliegesha wapi?
Hata hii ndogo jana umeitua juu ya ghala."
Akalikata dege.
Akayakata mawingu: "Ya bure yananyesha vilevile."
Akaukata mji wa Chikago: "Una nani huko?"
Nina binamu huko, lakini hatusemezani.
Kisha akaniuliza lile ambalo duka halikuniuliza:
"Ukiwa angani, nini kinakusumbua?"
Nikafikiri.
"Miguu," nikamwambia. "Haina kazi."

Jumamosi nikaenda Pabianice
kwa Bi Ludmiła Sroka, anayeuza pedali
za mwanawe aliyehamia Norwe.
Za chuma, nzito, ya kushoto inalia.
Alitaka sitini. Nilimpa hamsini
na chupa ya matango niliyoyasindika mwenyewe.
Ile ya kushoto niliitia mafuta ya cherehani ya marehemu Halszka;
ikanyamaza, karibu.
Thelathini zilizobaki zilirudi kwenye kopo la kahawa.

Uwanja wa ndege wa jiji letu ulikuwa wa bure,
umechorwa na mtu nisiyemjua, mwenye subira:
uzio unapinda pale pale unapopinda.

Jana nikapaa.
Mguu wa kulia, taratibu; pua ikatii.
Nikaifuata njia yangu ya zamani kutoka juu.
Reli zimepakwa tu, mstari wa kijivu,
hakuna nyaya, hakuna tramu, hakuna mtu kituoni
anayetazama saa na kunilaani.
Paa la karakana wamelipaka buluu. Ni la kijani.
Nikafika kituo cha mwisho,
pale nilipokunywa chai miaka yote hiyo,
nikavuka hadi kiti cha upande wa pili, nikarudi.

Sikurudi.

Likaja shamba la viazi, kisha msitu,
kisha mto nisioujua jina,
na miguu yangu yote miwili ilikuwa kazini.

Kutua, nilitua vibaya. Niliruka mara tatu.
Mama yake Gniewko akagonga dari kwa ufagio,
nami, kwa mazoea, nikakanyaga kwa mguu wa kulia
kumwomba radhi.

Kengele haikulia.
Ndege iligeuka, ikaingia kwenye majani.